Mutura wa Busan, ndengu za Seoul: majibu kwa wanaosafiri na wanaobaki

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu Korea Kusini, na sababu naijua: majibu ya ufadhili wa masomo yametoka, na watoto wa watu wanafunga mizigo. Mimi niliishi Busan miaka mitano, mwaka wa kwanza nikijifunza lugha na minne iliyofuata nikiwa chuoni, kisha nikarudi kwetu Kariobangi Kusini. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nilipoisoma nilijiona mwenyewe.

Mama anasema nitakufa njaa

*Habari yako dada. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Umoja. Nimepata nafasi ya kusoma Busan na naondoka mwisho wa Agosti. Mama hana raha. Amesikia huko watu wanakula mbwa na samaki wabichi, na tayari ameninunulia unga wa ugali kilo sita. Mimi mwenyewe sijawahi kuonja chakula cha Kikorea. Nianze na nini? Na huu unga niubebe?*
Msomaji, Umoja

Hongera sana mdogo wangu. Mwambie mama kwanza habari ya mbwa. Bunge la Korea Kusini lilipitisha sheria Januari 2024 ya kupiga marufuku kufuga mbwa wa kuchinjwa na kuuza nyama yao, na adhabu zinaanza mwaka 2027. Hata kabla ya sheria hiyo, kwa miaka yangu mitano sikuwekewa nyama hiyo mezani hata siku moja. Samaki wabichi wapo, tena Busan ni mji wa bahari na soko lake la Jagalchi lina kila kitu kinachoogelea, ila hakuna atakayekulazimisha.

Sasa nikueleze kosa langu ili wewe usilirudie. Nilifika nikiwa na woga kama wako, nikala mkate, mayai na ndizi kwa zaidi ya miezi miwili. Unga wangu niliupima kwa kijiko. Nilipungua mpaka sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Kila jioni nilipita mbele ya vibanda vya chakula nikiwa nimeziba pua na skafu, kwa sababu harufu ile ya pilipili, samaki na kitu kilichochacha ilinifanya niikumbuke nyumbani kwa uchungu.

Jioni moja ya Novemba upepo wa bahari ulikuwa unakata masikio. Karibu na ngazi za kushukia kwenye treni palikuwa na kibanda cha turubai, na ndani yake mama mmoja mwenye aproni ya maua. Mbele yake palikuwa na sinia pana la mchuzi mwekundu, sufuria ya supu, na pembeni kitu kilichofunikwa kwa nailoni. Aliinua nailoni, mvuke ukapanda, nikaona mviringo mweusi unaong'aa, umejikunja kama kamba. Nilisimama pale pale. Mimi nimekulia Kariobangi, mviringo ule naujua.

Ulikuwa mutura, utumbo wetu wa kujazwa nyama na damu. Wao huuita sundae, na hutamkwa *sunde*. Ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi nyembamba za wanga wa viazi vitamu. Wetu huchomwa juu ya makaa mpaka ngozi ipasuke, wao hupikwa kwa mvuke, kwa hiyo usitegemee ladha ya moshi. Ni laini, na zile tambi zinanata kidogo kwenye meno. Mama yule alikata vipande kwa kisu kifupi, tap tap tap, kama anavyokata jamaa wa mutura pale stendi, akaongeza ini pembeni, akapanga kwenye sahani aliyoivisha mfuko wa nailoni ili asiioshe. (Nailoni zile zile ambazo sisi tulizipiga marufuku 2017.) Kisha akachota supu ya samaki kwenye kikombe cha karatasi, akanishikisha kwa mikono yake miwili, na mikono yake haikuiachia yangu mpaka alipoona nimekishika vizuri. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikula nimesimama, nikalia, nikaomba sahani nyingine.

Kwa hiyo jibu langu la "nianze na nini" ndilo hilo: anza na kile ambacho ulimi wako tayari unakijua. Usianze na kigeni kabisa ili kujionyesha jasiri. Utashindwa, na ukishindwa mara mbili utarudi kwenye mkate.

Kama mutura unaupenda, anza na sundae. Na uangalie unapewa cha kuchovea gani, maana hapo ndipo utajua uko wapi. Busan watakupa ssamjang, rojo la soya iliyochachushwa lenye pilipili kidogo. Ukienda Seoul utapewa chumvi iliyochanganywa na viungo. Kisiwani Jeju ni mchuzi wa soya. Wenyeji hubishana kuhusu jambo hili kwa saa nzima, na mimi niko upande wa Busan.

Ile supu ya kikombe ni ya eomuk, mkate wa samaki uliosagwa, ukakunjwa kwenye kijiti kirefu na kuchemshwa na figili, dagaa na mwani. Unachukua kijiti mwenyewe, unakula, na ukimaliza vijiti vyako vinahesabiwa ndipo unalipa. Supu hailipiwi. Busan ina siri moja ambayo Seoul huipati kirahisi: ndani ya sufuria hiyo hiyo huwekwa vijiti vya keki nyeupe ya mchele, mul-tteok, inayolainika kwa supu. Ukiwa na mafua au ukiwa umeikumbuka nyumbani, hiyo ndiyo dawa.

Lile sinia jekundu ni tteokbokki, sema *tokboki*. Ni keki za mchele zenye umbo la vidole zikipikwa kwenye gochujang, yaani rojo la pilipili, mchele wa kunata na soya lililoachwa lichache kwa miezi. Ni tamu na kali kwa wakati mmoja. Sisi wa Nairobi tumezoea pilipili pembeni na sukari kwenye chai, kwa hiyo mara ya kwanza ulimi utachanganyikiwa. Ipe nafasi ya pili, ya tatu utaifuata mwenyewe. Busan keki zake ni nene kuliko za Seoul.

Desemba itafika. Utapita penye pipa la chuma linalotoa moshi na utasikia harufu ya kiazi kitamu cha kuchoma, kile kile cha shosho. Nunua viwili, kimoja ule, kingine uweke kwenye mfuko wa koti. Utaona pia watu wamepanga foleni ya bungeoppang, andazi lenye umbo la samaki lililojazwa maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Ndiyo, maharagwe matamu. Wenyeji husema majira ya baridi kila mtu atembee na won 3,000 za noti mfukoni, kwa sababu hujui kibanda cha bungeoppang utakikuta wapi. Na pale Nampo-dong, mtaani Busan, kuna hotteok ya mbegu: unga uliokandwa ukaumuka, ukakaangwa kwa mafuta mengi kama mahamri, kisha muuzaji anauchana kwa mkasi na kuujaza sukari ya kahawia, njugu, mbegu za malenge na za alizeti. Unapewa ndani ya kikombe cha karatasi. Usiume haraka, sukari iliyoyeyuka inaunguza. Mimi ulimi wangu ulichubuka wiki nzima.

Siku utakayopanda treni kwenda Seoul, nenda soko la Gwangjang, lililofunguliwa 1905. Utasikia mawe ya kusagia yakizunguka. Wanachosaga ni ndengu! Wanazimenya, wanaziloweka, wanazisaga, wanachanganya na kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na ndengu zilizochipua, kisha wanakaanga kwenye mafuta mengi mpaka ukingo uwe mkavu na kahawia. Wanaita bindaetteok. Mama yangu ni wa Mwingi, ndengu tumekula na chapati, na wali, na peke yake ndengu. Kwamba ndengu zinaweza kuwa chapati zenyewe, hilo nilijifunza kwenye benchi la mbao pale Gwangjang, nikiwa nimebanwa kati ya wazee wawili walionisogezea kitunguu kilicholowekwa kwenye mchuzi wa soya bila hata kuniuliza natoka wapi.

Machache ya mezani. Usiogope vijiti, maana wali na supu huliwa kwa kijiko, na kijiko utapewa kila mahali. Kijiko au vijiti usivisimamishe wima kwenye bakuli la wali, hivyo hufanywa kwa ajili ya marehemu. Ngoja mkubwa aanze. Kitu ukipewa na mzee, pokea kwa mikono miwili. Hilo wewe umelelewa nalo. Vile visahani vidogo vya kimchi, mboga na dagaa vinavyojaza meza huitwa banchan, havilipiwi, na vikiisha unaomba tena. Nyama ya kuchoma mezani mara nyingi hawauzi kwa mtu mmoja, huanzia sahani mbili, kwa hiyo tafuta rafiki mapema. Ukiwa peke yako na pesa ni kidogo, gimbap ndiyo mlo wako: wali uliopakwa mafuta ya simsim, ukaviringishwa na mboga na yai ndani ya mwani mkavu.

Na mama wa kibandani muite *imo*. Maana yake ni dada ya mama. Sisi tunamwita muuza githeri "mathe", wao wanamwita mama mdogo.

Unga beba kilo mbili, kilo nne muachie mama. Seoul, mtaa wa Itaewon, yapo maduka ya Waafrika wanaouza unga, na utampata mtu wa kukuletea. Nyama, soseji au nyama iliyokaushwa usiweke kabisa kwenye begi, wanachukua na kukutoza faini. Mbegu, matunda na nafaka utangaze uwanja wa ndege. Majani ya chai ya Kericho hayatakupa shida. Chai beba nyingi.

Binti yangu ni Mwislamu

*Assalaam alaykum. Binti yangu yuko Seoul tangu Machi. Kila nikipiga simu anasema amekula wali na yai, maana anaogopa nguruwe. Nimsaidieje?*
Mama, South C

Wa alaykum salaam mama. Hofu yake ina msingi, na nampenda kwa uangalifu wake. Nguruwe huko yuko mahali pengi, hata pale asipoonekana: kwenye supu, kwenye unga wa kiungo wa tambi za pakiti, ndani ya gimbap kama kipande cha ham, nyama ya nguruwe ya kopo. Sundae niliyoisifu hapo juu yeye aipite. Hata mchuzi wa tteokbokki na mikate ya samaki aisome pakiti yake au aulize.

Ajifunze neno moja kwa macho: 돼지. Hilo ni nguruwe, hutamkwa karibu na *dweji*. Alfabeti yao ilitangazwa mwaka 1446 na Mfalme Sejong ili watu wa kawaida wajue kusoma, na kweli inajifunzika kwa siku chache. Akishaweza kusoma, nusu ya hofu itaondoka. Na neno la pili ni *sul*, pombe, kwa sababu wengine huitia kwenye mapishi.

Kisha apande treni mpaka Itaewon. Msikiti mkuu wa Seoul uko pale tangu 1976, na njia inayopanda kwenda msikitini imejaa mabucha na mikahawa ya halali. Ijumaa moja tu pale na atapata marafiki wa kutoka Indonesia, Uzbekistan na Pakistan ambao wameshajua kila kibanda. Nilipokuwa Busan tulikuwa na msichana wa Mombasa darasani. Yeye alianzia msikiti wa Al-Fatah, na baada ya mwezi ndiye aliyekuwa akituonyesha sisi pa kula.

Vya kula bila hofu ni hivi: viazi vitamu vya kuchoma, njugu za msimu wa baridi, samaki wa kuchoma kwa chumvi, bibimbap (wali wa kuchanganya na mboga) isiyo na nyama, wali na supu ya mwani. Mwambie pia kwamba hiyo supu ya mwani, miyeokguk, ndiyo Mkorea hula asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa, kwa sababu ndiyo mama hupewa akitoka kujifungua. Apike inayochemshwa na kome badala ya nyama. Siku yake ikifika, mama, mpigie simu akiwa anaila. Saa sita ziko kati yetu na wao, kwa hiyo wewe utakuwa bado unaswali alfajiri na yeye atakuwa anakaribia mchana.

Kimchi bila kwenda Korea

*Dada, mimi sina safari, niko Kangemi na watoto wangu wamenichosha na kimchi wanayoiona kwenye tamthilia. Naweza kuitengeneza na vitu vya hapa?*
Mama wa wawili, Kangemi

Unaweza, na itakuwa tamu. Nenda soko la City Park, Parklands, utapata kabichi ya Kichina, ile ndefu, na figili nyeupe. Ikikosekana tumia kabichi yetu ya kawaida, ila ikate vipande na uipe muda mrefu zaidi kwenye chumvi.

Kwa kabichi kubwa moja, ipasue, nyunyiza konzi ya chumvi kati ya majani, iache saa nne ukiigeuzageuza. Iko tayari pale unapokunja sehemu nyeupe ya jani nalo halivunjiki. Isuuze mara tatu, ikamue. Pika uji mwepesi wa unga wa mchele, kikombe kimoja, uache upoe. Ndani yake tia vitunguu saumu vingi kuliko unavyofikiri ni busara, tangawizi, kitunguu cha majani na pilipili ya unga. Pilipili ya Kikorea ni ya chengachenga na si kali sana, inapatikana kwenye maduka ya Wachina kule Kilimani. Yetu ni kali, kwa hiyo chukua kijiko kimoja cha yetu na vitatu vya paprika, rangi itakuja vizuri. Mchuzi wao wa samaki ukikosa, kaanga omena bila mafuta, saga, weka kijiko. Vaa glavu, paka kila jani.

Jaza chupa lakini usifike juu. Acha inchi mbili. Yangu ya kwanza hapa Nairobi niliijaza pomoni nikaifunga kwa nguvu, na usiku ilifura ikamwagika kabatini hadi kwenye unga. Iache nje siku mbili, ukiifungua kila asubuhi itoe pumzi, kisha weka kwenye friji. Siku ya kwanza ina ladha ya kachumbari. Baada ya wiki mbili inakuwa na ule uchachu ambao aliyekua na mursik, yale maziwa ya kuchacha, au uji wa kuchacha ataupokea mara moja.

Korea hawaitengenezi peke yao. Kabla ya baridi kali familia na majirani hukusanyika, kabichi mamia kwa siku moja, kazi inayoitwa kimjang, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Nilialikwa mara moja. Tulikaa sakafuni wanawake kumi na mmoja, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa anakunja jani bichi lililopakwa pilipili, anamlisha kila mmoja mdomoni kwa zamu. Waite watoto wako wakae sakafuni wapake pamoja nawe.

Wewe sasa unakula nini?

*Tangu urudi, ni kipi cha huko ambacho hukukiacha?*
Msomaji, Rongai

Omena. Huko wana dagaa wadogo wakavu wanaoitwa myeolchi, na nilipowaona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, maana ni kama omena wetu wa Ziwa Victoria, tofauti wale ni wa bahari. Sasa kila Jumapili nafanya hivi: natoa vichwa, naosha kwa maji moto, naanika, kisha nawakaanga kwenye kikaango kikavu mpaka wanalia wakigongana. Nawaweka pembeni. Kwenye kikaango hicho hicho natia mafuta kidogo, kitunguu saumu, mchuzi wa soya vijiko viwili na asali ya Kitui kijiko kimoja. Ikianza kutoa mapovu narudisha omena, nageuza haraka haraka, namalizia na simsim. Wanakuwa wakavu, wanang'aa, wana chumvi na utamu. Tunakula na ugali. Mume wangu ni wa Siaya, na siku ya kwanza aliniuliza ni nani aliyeniruhusu kutia asali kwenye omena. Siku hizi ndiye anayenunua asali.

Na ssamjang sijaiacha. Nina kikopo kidogo kwenye mkoba. Jioni nikishuka stendi napita kwa jamaa wa mutura, naomba wa mia moja, nachovea nikiwa nimesimama. Mwanzoni alinitazama tu. Wiki jana nilipofika alikuwa ameshakata, akasukuma ubao upande wangu, akaniambia, "Dada, leo umekuja na ile kitu?" Nikamfungulia kikopo. Alichovea kipande chake cha kwanza cha jioni, akatafuna polepole akiangalia barabara, kisha akachovea cha pili.